Twende lini? Maswali ya wanaotaka kutembea Tanzania

Kila mwaka, sikukuu zikishapita, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja: "Tunataka kuja kutembea Tanzania, mwezi gani mzuri?" Wengine ni ndugu walioko ughaibuni, wengine marafiki wa Nairobi, na wengine ni watu wa Dar kabisa ambao hawajawahi kuvuka Morogoro. Nami huwajibu kwa swali: mzuri kwa kwenda wapi? Asubuhi ileile ya Julai, mkulima wa Makete anaamka na kukuta sakitu imetanda juu ya viazi, wavuvi wa Paje wanaangalia bahari iliyochafuka kwa upepo wa kusi, na Tabora wanakula vumbi. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa mara nyingi, na majibu ninayowapa watu wangu.

Sitaki hadithi ndefu. Nitajie mwezi mmoja tu.

Septemba. Barabara ni kavu karibu nchi nzima, wanyama wamesogea kwenye maji machache yaliyobaki, kusi imeanza kupoa baharini, joto la mwisho wa mwaka halijafika, na watalii wengi wa Ulaya waliokuja na watoto wamesharudi kwao kwa ajili ya shule. Februari ninaiweka ya pili.

Lakini Septemba hiyohiyo utaikuta Hifadhi ya Kitulo haina maua, Mafia haina papa potwe, nyanda za kusini za Serengeti zimebaki na swala wachache, na nchi yote imekauka hadi rangi ya gunia. Ndiyo maana hadithi ndefu inahitajika.

Masika, vuli, msimu... nachanganyikiwa. Mvua zinanyesha mara ngapi kwa mwaka?

Inategemea umesimama wapi, na hili ndilo jambo ambalo ratiba nyingi za safari hulisahau.

Kaskazini (Arusha, Kilimanjaro, Manyara), pwani ya kaskazini kuanzia Dar na Tanga pamoja na Unguja na Pemba, na mikoa inayozunguka Ziwa Victoria, mvua huja mara mbili. Masika ni Machi hadi Mei, nzito na ya kukaa. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, nyepesi zaidi na yenye vigeugeu: leo inamwaga kwa saa mbili nzima, kesho jua kutwa.

Ukishuka kusini, ukienda kati au magharibi, yaani Mbeya, Iringa, Njombe, Ruvuma, Mtwara, Dodoma, Singida, Tabora, Katavi na Rukwa, mvua ni moja tu, ya mfululizo, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Hiyo ndiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa huiita mvua za msimu, na hutolewa utabiri wake peke yake.

Sababu yake ni nyepesi ukiiangalia vizuri. Ukanda wa mvua hulifuata jua, kwenda kusini mwishoni mwa mwaka na kurudi kaskazini baada ya Februari. Walio karibu na Ikweta hupitiwa mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Walio kusini hufikiwa na ukanda huo ukiwa ndio umefika mwisho wa safari yake, ukakaa, kisha ukageuza. Kwao kwenda na kurudi kunakuwa mvua moja.

Sasa chukua Januari. Mtu wa Arusha anakwambia "njoo, kumekauka, mlima unaonekana." Mtu wa Mbeya anakwambia "subiri, huku ni matope." Wote wawili wanasema kweli. Anayepanga Ngorongoro na Ruaha katika safari moja ya Januari atafurahia nusu ya pesa zake.

Bukoba ina mambo yake. Upande ule wa magharibi wa ziwa hupata mvua karibu mwaka mzima, kwa hiyo usisumbuke kutafuta mwezi mkavu. Tafuta mwezi wa senene, Novemba na Desemba, ununue waliokaangwa, bado wa moto.

Mimi nataka bahari tu. Kaskazi na kusi vinanihusu nini?

Vinakuhusu kuliko mvua. Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, bahari ikiwa na joto na joto la hewa likiwa kali. Kusi huanza karibu na Aprili na hukaa hadi Septemba au Oktoba, ukiwa na nguvu zaidi Juni, Julai na Agosti, kipindi cha kipupwe. Majahazi yalikwenda na kurudi Uarabuni kwa pepo hizihizi: yalishuka na kaskazi, yakapanda na kusi.

Kwa mgeni wa Unguja maana yake ni hii. Wakati wa kusi, fukwe za mashariki kama Paje, Jambiani na Bwejuu hupigwa upepo mchana kutwa. Wanaoteleza majini kwa tiara huitaka hali hiyo hasa. Anayetaka kulala kwenye mchanga na kitabu atafunikwa mchanga yeye na kitabu chake. Huyo aende Kendwa au Nungwi, kaskazini-magharibi, ambako kisiwa chenyewe kinamkinga. Kaskazi ikivuma, ule upande wa kaskazini-mashariki ndio unaochafuka.

Boti ya kutoka Dar nayo husikia kusi. Nimevuka Julai mara moja nikiwa nimejaa chapati na supu ya asubuhi, na sitasimulia zaidi. Mwenye tumbo jepesi apande boti ya kwanza ya asubuhi, akae katikati, chini, na asile supu.

Kuna jambo la tatu ambalo halimo katika kalenda ya mvua wala ya upepo: maji kupwa na kujaa. Siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, wakati wa bamvua, bahari ya Paje hukimbia mbali sana. Karibu saa nne au saa tano asubuhi utatazama mchanga mtupu, vijiti vya mashamba ya mwani, na akina mama wameinama wakivuna. Kuogelea hakuna mpaka alasiri, maji yajae karibu na saa kumi. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Watu wamenipigia simu wakilalamika kwamba "bahari imeondoka". Haijaondoka. Umekuja wakati wa kuokota kome na kutafuta pweza, nenda nao.

Papa potwe wa Mafia je?

Oktoba hadi Machi, na hasa Novemba hadi Februari, huonekana karibu na Kilindoni. Ni samaki mkubwa kupita wote duniani, ila hula vijidudu vidogo vya baharini, hana habari na wewe. Nyangumi wa nundu ni habari nyingine: hao hupita pwani yetu Julai hadi Oktoba. Huwezi kuwapata wote wawili kwa uhakika katika safari moja. Oktoba ni kubahatisha.

Nyumbu wanavuka mto lini?

Mto upi? Kundi halisafiri mara moja kwa mwaka, linazunguka mwaka mzima likifuata mvua na majani mabichi. Januari hadi mapema Machi liko kusini, Ndutu na nyanda za majani mafupi, na Februari ndipo nyumbu huzaa, laki kwa laki ndani ya wiki chache. Aprili na Mei wanapanda kupitia katikati na magharibi. Juni wako upande wa mto Grumeti. Julai hadi Oktoba wako kaskazini, Kogatende, na huko ndiko kuna uvukaji wa mto Mara ule unaouona kwenye runinga. Novemba wanaanza kurudi.

Hayo ni mazoea, si ratiba ya treni. Mvua ikinyesha mapema kusini, kundi linawahi kurudi, na aliyelipia Kogatende anaangalia maji. Hata wakiwepo, wanaweza kusimama ukingoni tangu asubuhi, mamia kwa mamia, wakasukumana, mmoja akagusa maji, wakageuka wote wakaondoka zao. Anayetaka kuona mto atenge siku tatu au nne kaskazini.

Maoni yangu, na madereva wengi wananiunga mkono wakiwa hawapo mbele ya mteja: Februari Ndutu inashinda. Unaona ndama akianguka kutoka kwa mama yake, anajaribu kusimama, anadondoka, anajaribu tena, na kabla hujamaliza kunywa chai yako anakimbia. Fisi naye anaangalia kilekile unachoangalia wewe. Na kule Ndutu, tofauti na sehemu kubwa ya Serengeti, magari huruhusiwa kutoka nje ya barabara msimu huo, kwa sababu sehemu hiyo iko chini ya Ngorongoro.

Natoka Nairobi. Naweza kutoka Masai Mara nikaingia Serengeti moja kwa moja?

Nyumbu wanaweza, wewe huwezi. Utazunguka kupitia Isebania na Sirari, au Namanga. Hesabu siku nzima.

Kupanda Kilimanjaro ni lini?

Vipindi viwili: Januari hadi mapema Machi, na Juni mwishoni hadi Oktoba. Kile cha Januari kina joto kidogo na anga safi zaidi. Cha Juni na kuendelea ni kikavu lakini usiku una baridi ya kuumiza meno. Kileleni, mita 5,895, usiku wa kupanda ni chini ya sifuri mwezi wowote ule, kwa hiyo msimu haukuondolei koti. Wenye kulazimika kupanda wakati wa mvua huchagua njia ya Rongai, upande wa kaskazini, kwa kuwa mlima wenyewe huzuia mvua nyingi isifike huko.

Usichanganye kupanda na kuangalia. Julai ni mwezi mzuri wa kupanda, lakini aliyekaa chini Moshi anaweza kumaliza siku tatu bila kuuona mlima, maana wingu la kipupwe limekaa kama kifuniko cha sufuria. Mpandaji yuko juu ya kifuniko, anaota jua. Kwa picha ya mlima kutoka mjini, njoo Desemba mwishoni hadi Februari, na amka saa kumi na mbili asubuhi kabla ukungu haujakusanyika.

Masika ni ya kukaa nyumbani?

Si kwa kila mtu. Aprili bei za hoteli hushuka sana, Ngorongoro inakuwa ya kijani hadi huamini, magari ni machache, ndege wamevaa rangi zao za kuchumbiana. Mwenye kamera na subira anapata kitu ambacho Agosti hakipo.

Lakini elewa udongo. Sehemu nyingi za hifadhi zina ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukikauka unapasuka, na ukilowa unashika tairi kama ugali mbichi. Mwaka mmoja, Aprili, tulikwama Serengeti saa nane mchana. Dereva alishuka, akaangalia, akarudi ndani, akavua viatu, akakunja suruali. Alikuwa na mbao mbili juu ya gari. Aliweka jeki juu ya ubao mmoja, jeki ikaanza kuzama pamoja na ubao. Tulitolewa na lori la wafanyakazi wa barabara saa kumi na mbili kasoro, tukiwa tumepaka tope hadi masikioni, na twiga mmoja akiwa ametutazama muda wote bila kutafuna. Watoto wangu hawakumbuki simba wa safari ile. Wanakumbuka tope.

Nisichoshauri masika ni kambi za Hifadhi ya Nyerere, ambazo nyingi hufungwa Aprili na Mei, njia za miguu Udzungwa, ambako mawe ya kuelekea Sanje huteleza vibaya, na wiki nzima ya ufukweni kwa mtu mwenye likizo moja kwa mwaka.

Na kusini? Ruaha, Nyerere, Katavi?

Juni hadi Oktoba, bila ubishi mwingi. Kadiri kiangazi kinavyokolea ndivyo wanyama wanavyosogea mtoni. Tarangire iko kaskazini lakini ina tabia hiyohiyo: Agosti na Septemba tembo hujaa kandokando ya mto. Katavi ni ya watu wenye moyo. Septemba na Oktoba viboko hubanana kwenye madimbwi ya matope mpaka huoni maji, na harufu yake utarudi nayo nyumbani kwenye nguo.

Mikumi ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa barabara kuu ya lami inapita ndani yake, na tangu treni ya SGR ianze safari za Morogoro mwaka 2024, mtu wa Dar anaweza kwenda wikiendi bila kupigania foleni ya Kibaha.

Kitulo ni kinyume cha yote niliyosema. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na maua yake, okidi zikiwemo, huchanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili. Anayefuata ushauri wa "nenda kiangazi" atakuta majani makavu. Gharama yake ni barabara: ukipandia Chimala utapita zile kona zinazoitwa Hamsini na Saba, na kukiwa na utelezi kila moja utaihesabu kwa sauti.

Hivi kweli kuna baridi Tanzania? Tunakuja kutafuta jua.

Dada yangu anaishi Toronto. Alikuja Julai na mizigo miwili ya nguo nyepesi, tukaanza safari ya Njombe na Makete kusalimia wakwe. Tulipofika Makambako alishuka kununua maji, akarudi amevaa koti la mtumba la kijani, zito, la kiume, alilolinunua bila hata kupunguziwa bei. "Nimekimbia baridi Canada," alisema, "nimeikuta Makambako." Lile koti amerudi nalo Canada.

Juni hadi Agosti beba sweta kwa Arusha, Lushoto, Iringa na Mbeya. Beba koti kwa Njombe, Makete na ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio juu ya mita 2,200. Gari la safari lililo wazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni friji. Pwani wakati huo ndio raha ya mwaka, unalala bila feni.

Tuna wiki mbili za Desemba tu, watoto wamefunga shule. Tumepoteza?

Hapana, ila mmeingia na watu wote. Vuli inaisha, nchi ni ya kijani, embe dodo zimejaa sokoni, nyumbu wanashuka kusini mwa Serengeti, Mafia ina papa potwe. Hoteli za Unguja hupandisha bei kati ya Krismasi na mwaka mpya.

Tatizo ni barabara ya Moshi. Kuanzia katikati ya Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, na tiketi ya basi la kwenda Moshi au Arusha inakuwa kitu cha kutafutiwa na mjomba. Kata mapema, au fanya kinyume: nenda kaskazini wiki ya kwanza ya Desemba, teremka pwani wakati wao wanapanda, ukakute Dar imepumua na daladala zina viti.

Ramadhani ikiangukia safari yetu Zanzibar?

Njooni, kwa adabu. Mchana migahawa mingi ya mitaani hufungwa, na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani ni kuwakosea watu, hotelini mtahudumiwa. Jioni ndiyo ya kusubiri, mji unabadilika baada ya magharibi na Forodhani, kwenye soko la vyakula vya usiku, hunukia. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari, katikati ya kaskazi, kwa hiyo wanaopanga Februari waangalie kalenda zote mbili.

Hizi tarehe zako bado zinaaminika, au hali ya hewa imeharibika?

Zichukue kama desturi ya mzee mmoja: mara nyingi hufanya vile, siku nyingine hukushangaza. Vuli ya 2022 ilichelewa hadi Dar wakagawiwa maji kwa mgao. Vuli ya mwaka uliofuata, mwaka wa El Nino, ilimwaga kupita kiasi, na Desemba 3, 2023 tope la mlima Hanang likaangukia Katesh na kuua watu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, jambo ambalo wazee wengi wa pwani hawakuwahi kuliona.

Kwa hiyo soma utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla hujalipa kilichobaki. Hutolewa kwa Kiswahili, mkoa kwa mkoa: masika mwanzoni mwa mwaka, vuli karibu na Agosti au Septemba. Na barabara muulize dereva wa basi aliyepita jana.

Mbu na mbung'o?

Mbu ni wengi wakati wa mvua na baada yake, hasa pwani na ziwani. Watoto waliozaliwa nje waonane na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya kusafiri, hata kama bibi anasema baba yao alikua bila hizo. Mbung'o wako porini mwaka mzima, na wanapenda nguo nyeusi na za bluu. Acha jinzi nyumbani.

Nimeshalipia Aprili, siku saba, pesa hazirudi. Nifanyeje?

Usiende kusini. Anza na Ngorongoro na katikati ya Serengeti, Seronera, ambako wanyama wapo mwaka mzima, na barabara kuu ya ndani hupitika mara nyingi. Panga kuzunguka kuangalia wanyama asubuhi, mvua kubwa mara nyingi hunyesha alasiri. Hakikisha gari lina winchi au angalau mbao, na uliza hilo kabla ya kupanda. Malizia Mji Mkongwe badala ya ufukweni: mvua ikinyesha kuna baraza, kuna kahawa chungu na kashata, na kuna wazee watakaokwambia kuwa masika ya siku hizi si masika.